Watumishi wa Kike wa Jamaa na Watoto

Kibokoni, Mombasa
12 Februari 1966

Ami yangu Badawi,

Nakuamkia na kukubusu mkono. Sisi sote hatujambo. Goti la Mama limepoa, na jana alishuka ngazi peke yake ili akagombane na muuza samaki, basi tumejua amepona kweli. Baba yuko na mbao zake karakanani. Hakuniagiza nikusalimie wewe nduguye, lakini ameniona naandika wala hakuuliza namwandikia nani.

Sasa jambo lenyewe. Kazi yangu katika Chama cha Ustawi wa Jamaa waijua: kuzuru nyumba ambazo watoto wamo katika shida. Mama amekufa, au baba ni mlevi, au wote wawili wako kazini na mtoto wa miaka minne anamlea wa miaka miwili. Tulikuwa wanne. Mmoja aliolewa, mmoja amekwenda benki, ambako amekalishwa chini ya feni. Tumebaki mimi na Jael. Mumewe, Mutunga wa reli, amehamishwa Nakuru, na mwisho wa Machi Jael anamfuata. Nitabaki peke yangu na nyumba arubaini na tatu, kutoka hapa Mji wa Kale hadi Tononoka.

Juzi Baba alingoja nimalize kula, kisha akasema: "Mwanamke mmoja akizunguka majumba ya watu, watu huuliza anatafuta nini. Wakiwa wawili, huuliza wametumwa na nani. Maulidi yakifika nawe huna mwenzio, utakaa nyumbani."

Ami, hakusema kwa hasira. Ndiyo maana naogopa.

Nyumba moja inaniumiza zaidi. Musyoka, mtu wa Kitui, hufanya kazi ya zamu katika reli. Mkewe alifariki mwaka jana, na watoto watatu hushinda ndani wamejifungia komeo kama alivyowaamuru. Mkubwa, Kasyoka, ana miaka tisa. Kamati yetu inasema kama hakuna wa kuwazuru kila siku, watoto wataondolewa wapelekwe nyumba ya mayatima Nairobi, na huko huenda wakatenganishwa. Musyoka si baba mbaya. Ni baba mmoja tu.

Makao makuu ya Chama yako huko kwenu, na tangazo la kuajiri wanawake watatu litatoka karibuni. Wewe uko katika kiwanda cha chapa na unajuana na watu. Wahimize. Maulidi ni mwanzo wa Julai.

Binti yako,
Khairiya

* * *

Pangani, Nairobi
21 Februari 1966

Mwanangu Khairiya,

Amani na rehema ziwe juu yenu nyote. Barua yako imekaa njiani siku saba. Mtu angeileta kwa miguu na akapumzika Voi. Mke wangu Mwanakuu anakusalimu na kukohoa kwa wakati mmoja. Baridi ya hapa haijamkubali, miaka kumi na minne sasa.

Nisikilize. Nchi hii ina ofisa wa kuhesabu ng'ombe, ofisa wa kupima barabara, na ofisa wa kuwaangalia maofisa hao. Mtoto aliyejifungia komeo Tononoka ana nani? Ana Khairiya, kwa miguu. Kisha mabibi wa kamati hufika kutoka Kizingo kwa motokaa, wakanywa chai, wakaulizana kwa nini wasichana hawakai kazini. Hawakai kwa sababu mnawapa nyumba arubaini na tatu na jozi moja ya viatu! Benki imeelewa jambo ambalo Chama cha Ustawi hakijaelewa: mtu huhitaji mahali pa kuketi. Hili nimeliandika gazetini katika safu yangu ya Ijumaa, ingawa safu ni ya kusahihisha Kiswahili cha watu, na mhariri akakata nusu. Nusu iliyobaki imewauma wanaostahili.

Na jambo la pili ni hivi vyeti. Tumewafukuza Waingereza tukabakisha karatasi zao. Mama aliyelea wanane hafai kumchungulia mtoto wa mwenzake, lakini msichana aliyekariri mito ya Kanada anafaa! Cheti hakimpangusi mtoto kamasi.

Juu ya tangazo, ondoa wasiwasi. Mambo ya chapa niachie mimi. Halitakuwa na "familia" wala "sosho weka" wala takataka nyingine za kuokotwa njiani. Litakuwa Kiswahili cha watu.

Mwambie baba yako kwamba binti asiyeaminiwa barabarani... La, usimwambie kitu. Msalimu tu.

Ami yako,
Badawi

* * *

Kibokoni, Mombasa
19 Aprili 1966

Ami yangu,

Nakuamkia. Idi ya kuchinja ilipita vyema, ila mbuzi wetu alikata kamba akakimbilia sokoni Marikiti, na mahamali wawili wakamleta mabegani kama gunia la vitunguu. Mama anauliza kikohozi cha Mwanakuu. Jael aliondoka tarehe thelathini Machi. Alilia, nami nikamwambia asilie, kisha nikarudi ofisini nikakaa na majalada yake.

Tangazo lilitoka. Nakunakilia, kwa sababu labda hukuliona:

"Wanatakiwa watumishi wa kike wa jamaa na watoto. Wawe safi, wenye subira, wajuao kulea. Kazi ni ya kuingia majumbani. Watafunzwa."

Alhamisi iliyopita walikuja wanawake thelathini na mmoja. Bwana Jaffar, katibu wetu, alifurahi alipoona foleni imefika barabarani. Kisha akaanza kuwaita mmoja mmoja. Wote walikuwa mayaya, Ami. Mayaya waliolea watoto wa Wazungu Kizingo, na Wazungu wamekwenda zao baada ya Uhuru. Kila mmoja alikuwa na barua za sifa kutoka kwa bibi yake Mzungu. Moja ilisema mwenye kuileta ni mwaminifu na hatii vitunguu vingi mchuzini. Walitaka kujua ni nyumba gani, watoto ni wangapi, na kama kuna chumba cha kulala uani.

Waliomaliza kidato cha nne hakuja hata mmoja. Nilikwenda kwa Sheikha, niliyesoma naye, ambaye alikuwa ameniahidi. Mamake alinipokea na gazeti mkononi. "Hebu nisomee hapa," akasema. Nikasoma. "Mtumishi. Wa kike. Wa kuingia majumbani. Nimemsomesha Sheikha miaka kumi na miwili akawafulie watu nepi?" Nikamweleza kazi yenyewe. Akasema, "Wewe wasema hivyo, lakini gazeti lasema hivi, na gazeti ndilo walilolisoma majirani."

Ami, huku kwetu mtumishi ni nani? Hakuna mtu wa Mji wa Kale asiyejua. Nani huko alilifasiri tangazo hili kutoka Kiingereza?

Baba hajarudia maneno yake. Kila jioni huniuliza, "Umekwenda na nani leo?"

Khairiya

* * *

Pangani, Nairobi
2 Mei 1966

Mwanangu,

Nimepata barua yako na habari za mbuzi zimenichekesha. Mwanakuu amepata nafuu kidogo, Alhamdulillahi. Mvua kubwa imeanza, na paa letu limekumbuka yale matundu yake yote.

Habari ulizonipa zinathibitisha niliyoyasema siku zote. Wazee wa Mji wa Kale ni wagonjwa wa jina. Binti yao afe njaa, ilmradi asiitwe fulani! Mamake Sheikha na gazeti lake! Je, aliyemlea Sheikha mwenyewe alikuwa nani, kama si mwanamke wa kutumikia aliyekula baada ya kila mtu? Aibu haiko katika neno, iko katika vichwa. Na Bwana Jaffar wenu, aliyeona wanawake thelathini na mmoja waliolea watoto maisha yao yote, hakumchukua hata mmoja? Huyo ndiye wa kuulizwa. Na makao makuu ndiyo ya kuulizwa, na mabibi wa Kizingo ndio wa kuulizwa, kwa nini kazi ya maana kama hii hupewa siku moja ya usaili na tangazo la mistari minne.

Pigania nafasi hizo. Usikubali kukalishwa. Ningekuwa huko ningewaendea mmoja mmoja.

Kazi ni nyingi kiwandani, sitaandika zaidi.

Ami yako

* * *

Kibokoni, Mombasa
16 Mei 1966

Ami yangu Badawi,

Nakuamkia wewe na Mwanakuu. Mama amekutumia kopo la achari ya ndimu kwa mkono wa dereva wa lori. Likifika nusu, ujue nusu nyingine imeliwa Mtito Andei.

Katika wale thelathini na mmoja yumo mmoja aitwaye Dama, Mgiriama wa Kaloleni, miaka kumi na mmoja yaya Kizingo. Alisoma hadi darasa la nne. Bwana Jaffar alipomwomba cheti, alisema, "Bwana, nionyeshe hapo palipoandikwa cheti." Jaffar akalisoma tangazo, akaligeuza nyuma, akalisoma tena. "Basi," akasema Dama, "mimi nimekuja kwa lililoandikwa. Nyinyi mwaja kwa lipi?"

Siku hiyo nilikuwa naelekea Tononoka, naye alikuwa anakwenda upande huo huo kwa dadake. Nilibisha mlango wa Musyoka kama ninavyobisha kila mara, nikataja jina langu, na komeo halikufunguliwa. Kwa kawaida mimi hungoja robo saa, nikaacha mkate dirishani, nikaenda zangu. Dama hakubisha. Aliketi kizingitini, akafungua kifuko chake cha choroko alizonunua Marikiti, akaanza kuchambua huku akinung'unika peke yake. "Mawe matupu. Mtu hula mawe siku hizi. Haya, sasa zimebaki safi." Kumbe aliyaacha mawe makusudi. Baada ya muda sauti ikatoka dirishani: "Hujamaliza. Lile pale."

"Lipi? Macho yangu mabaya."

"Lile jeusi!"

"Mimi silioni. Njoo ulitoe wewe."

Kasyoka alifungua komeo. Ndani tulimkuta yule mdogo mkono umeungua na chai tangu Jumatatu, umefungwa kitambaa cha sufuria. Walikuwa wamemficha baba yao jambo hilo wasipigwe. Tulimpeleka hospitali mchana ule ule. Mimi nimezuru nyumba ile miezi minne, Ami, na sikuwahi kuingia ndani isipokuwa Musyoka mwenyewe yuko.

Nikamwomba Jaffar amwajiri Dama. Akaandika Nairobi. Nairobi wamejibu hivi: asiye na cheti haajiriwi. Kama tangazo la Kiswahili lilikosea, aliyelifasiri awaandikie akiri kosa lake, ndipo waweze kumchukua kwa majaribio mtu aliyekuja kwa tangazo hilo. Bila ya hivyo tangazo lote ni batili, na nafasi zote tatu zitapelekwa Kisumu.

Ami, tangazo lile linasema "jamaa" mahali ambapo dunia nzima siku hizi inasema "familia". Mimi namjua mtu mmoja tu asiyeruhusu neno hilo lipite mlangoni kwake.

Sikuulizi kitu. Naomba tu, ukimwona mtu huyo, umwambie asiandike makala. Aandike mistari mitatu. Hadi Maulidi ni wiki sita.

Khairiya

* * *

Kibokoni, Mombasa
11 Juni 1966

Ami yangu,

Natumai mu wazima. Dereva asema achari uliipokea kwa mkono wako, kwa hiyo najua barua iliyofungwa nayo uliipata.

Kamati imekutana. Watoto wa Musyoka wataondolewa tarehe nne Julai kama sina mwenzangu. Musyoka alikuja ofisini na sare ya kazi, akasimama, hakutaka kiti. Aliuliza kama Kasyoka na wadogo zake watalala chumba kimoja huko.

Jana Baba aliniletea kitambaa cha pazia nimwambie kama rangi inafaa chumba changu. Chumba anakitengeneza upya, asema, kwa kuwa sasa nitakaa nyumbani zaidi.

Khairiya

* * *

Pangani, Nairobi
20 Juni 1966

Mwanangu Khairiya,

Sisi wazima. Achari ilifika nzima.

Ni mimi. Ulijua tangu Aprili, nami nilijua kwamba umejua, ndiyo sababu nilimtukana mamake Sheikha kurasa mbili.

Makosa ni mawili na hayafanani. La kwanza ni neno. Huku mtumishi ni neno la heshima: mtumishi wa serikali, mtumishi wa kanisa, na mtu akiitwa hivyo hunyoosha tai. Nililiandika nikaliona zuri. Mimi, mzaliwa wa Kibokoni, ninayewasuta watu kila Ijumaa kwa kutojua lugha ya kwetu, sikusikia vile litakavyosikika katika ukumbi wa mama yangu mwenyewe. Ulipoandika "huku kwetu mtumishi ni nani?" niliiweka barua chini nikatoka nje. Hilo nimekosea, na nakuomba radhi wewe na Sheikha.

La pili ni cheti. Kwa Kiingereza kilikuwamo; nilikiondoa makusudi. Sikukosea, na Dama ameuonyesha ukweli huo kizingitini vizuri kuliko mimi katika makala mia. Na sasa wananitaka niseme nilikosea pale nilipopatia! Wiki nne nimekuwa nikiwaandikia. Nimeandika barua sita, kila moja kurasa nne, kila moja inathibitisha kwamba wao ni wajinga. Sikuipeleka hata moja. Mwanakuu alizisoma zote, akaniuliza, "Wataka kushinda, au wataka watoto wasiondolewe?" Nikasema nataka vyote viwili. Akasema, "Haya, kaa navyo," akaenda kulala.

Barua yako ya pazia ilifika Ijumaa. Jumamosi nimewaandikia hivi, na nakala nimempa meneja wa kiwanda kwa kuwa lazima ajue:

"Tangazo lenu la Aprili nililifasiri mimi. Nilitumia neno lisilofaa, na niliacha sharti la cheti. Kosa ni langu, si la kiwanda wala la wanawake waliokuja."

Nimeipeleka kwa mkono wangu na nimengoja wapige muhuri. Karani, kijana mmoja aitwaye Wekesa, aliniuliza kama mimi ndiye yule wa safu ya Ijumaa. Nikamwambia ndiye. Akasema, "Basi hata nyinyi hukosea, mzee?"

Usinishukuru. Nenda kafanye kazi.

Ami yako,
Badawi

* * *

Kibokoni, Mombasa
8 Agosti 1966

Ami yangu Badawi,

Nakuamkia na kukubusu mikono yote miwili. Nimechelewa kuandika kwa sababu nilikuwa kazini. Mama anamtumia Mwanakuu kashata, na safari hii tumezifunga kwa uzi na kuupiga nta.

Jibu la Nairobi lilifika siku mbili kabla ya Maulidi. Dama amechukuliwa kwa majaribio, miezi sita. Nafasi moja imekwenda Kisumu, hiyo tumeipoteza. Moja imebaki. Watoto wa Musyoka hawakuondolewa. Tunawapitia kila asubuhi kabla ya nyumba nyingine, na Kasyoka amerudi shule tangu muhula huu uanze. Yule mdogo mkono umepona, ila kidole kimoja hakikunjiki.

Dama nilimleta nyumbani nikimwogopa Baba. Baba alimtazama kutoka juu hadi chini. "Wewe ndiye utakayefuatana na binti yangu?"

"La, mzee. Yeye ndiye atakayefuatana na mimi. Mimi njia za Tononoka nazijua, yeye hupotea."

"Na watu wakiuliza mwatafuta nini?"

"Nitawaambia twatafuta watoto wasiolala njaa. Wakituonyesha, tutawashukuru na kwenda zetu."

Baba alirudi karakanani. Jioni ndipo nilipomsikia akimwambia Mama kwamba yule mwanamke ana majibu kama nduguye. Hakusema nduguye yupi. Pazia lile Mama amelifanya mito.

Tangazo la nafasi iliyobaki nimeliandika mwenyewe, na sikukuletea. Usikasirike. Nililichukua hadi Marikiti, Dama akawasomea wanawake kumi na wawili wanaouza mboga, na kila mmoja nikamuuliza: "Hii ni kazi gani?" Walipokosea, nililiandika upya. Mara ya nne mmoja wao akasema, "Ni kazi ya kwenda kuangalia watoto wa watu wasije wakaharibikiwa." Nikayachapisha maneno yake kama alivyoyasema. Wamekuja wasichana sita. Sheikha alikuja na mamake, ambaye alikaa katika usaili wote na akajibu maswali mawili kwa niaba yake. Anaanza kazi mwezi ujao.

Jambo la mwisho. Wiki sita sasa nafungua gazeti la Ijumaa na sikuoni. Mahali pako pana picha ya mchezo wa mpira. Muuza magazeti asema labda uko likizo, Baba asema labda wewe mgonjwa, na wewe hujaandika hata mstari. Kama wamekuondoa kwa sababu ya ile mistari mitatu, useme, Ami. Mimi nimekuambia yangu yote.

Binti yako,
Khairiya